Castolo Analinda Mbegu

Diski imening'inia kwenye kijiti cha blugamu katikati ya shamba lililopandwa wiki iliyopita, na kila upepo unaposhuka kutoka upande wa Mlima Elgon inajizungusha kwenye uzi wake, inamwaga mwanga, kisha inageuka na kuwa kiduara cha plastiki tu. Hapa Kibomet, Kitale, msimu wa kupanda, mashamba madogo huvaa mapambo ya namna hii. Kunguru wa Kitale si wajinga. Hawafukui punje siku inapopandwa. Hungoja ichipue, jani la kwanza lichomoze kama ncha ya sindano, ndipo huushika mche kwa mdomo, wakaung'oa taratibu na kula punje iliyo chini yake, wakaliacha jani likauke juani. Ndiyo maana watu hutundika chochote kinachomeremeta. Katika shamba hili nilihesabu diski saba. Tano zilikuwa za nyimbo za injili, moja ya filamu iliyosimuliwa na DJ Afro. Ya saba ndiyo iliyonisimamisha njiani, mkono kwenye ua. Ilikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zilizoinama upande mmoja kama watu wanaokimbia mvua: PES 2011. Chini yake neno moja lililopigiwa mstari mara mbili: MPYA.

Neno hilo lilinichekesha kwanza, halafu likanibana kifua. Nilikuwa nimeijua mpya hiyo. Niliikuta katika kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la kuchaji simu, chenye televisheni mbili za visogo virefu, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya wanafunzi watoro, na mashine mbili za PlayStation 2 zilizotiwa chipu ili zikubali diski za kurudufiwa. Masharti ya kibanda yalikuwa machache: shilingi 10 kwa mechi, aliyefungwa anaachia padi, na hakuna kumtusi mama wa mtu. Padi ya upande wa dirisha raba yake ya kushoto ilikuwa imelika hadi kubaki kijiti, na mwenye kibanda akaikatia kipande cha tyubu ya baiskeli akakivisha juu. Kidole gumba changu bado kinakikumbuka kipande kile, ulaini wake, harufu ya gundi na jasho la watu wasiojuana. Kila aliyeshika padi ile alijifunza kupiga pasi kwa kuhesabu kwamba mchezaji atachelewa kugeuka kidogo. Ulipoazimwa padi nzima kwa jirani, ulipoteza mechi.

Kwa wasioujua, PES ni Pro Evolution Soccer, mchezo wa kandanda wa kampuni ya Konami ya Japani, ulioanza mwaka 1995 kwa jina la Winning Eleven. Mpinzani wake, ule wa EA Sports, ulianza 1993 ukiwa na jina la shirikisho lenyewe la kandanda duniani mgongoni, FIFA, na kwa jina hilo ukawa na uwezo wa kununua majina mengine. Konami walikuwa na mpira mtamu zaidi, angalau hivyo ndivyo tulivyoapa sisi, lakini majina hawakuwa nayo. Kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red. Manchester City iliitwa Man Blue. Chelsea ilikuwa London FC. Wachezaji wengi walikuwa na majina yao halali, kwa kuwa hayo yalipatikana kupitia muungano wa vyama vya wachezaji, FIFPro; ni klabu zilizokuwa zimefichwa. Victor Wanyama alipohamia Southampton mwaka 2013, tuliwasha toleo lililofuata tukamkuta Wanyama wetu, jina kamili, amevaa jezi ya klabu isiyokuwako popote duniani, Hampshire Red. Matoleo ya zamani zaidi yalikuwa na maajabu makubwa kuliko hayo. Roberto Carlos aliitwa Larcos, na timu nzima ya Uholanzi ilicheza na wanaume walioitwa Oranges001, Oranges002, kuendelea, kama mahabusu.

Wakati huohuo, upande wa pili wa barabara, darasani, tulikuwa tunakaririshwa uhuru wa kishairi. Inkisari, mazida, kuboronga sarufi, tabdila. Mwalimu alieleza kwamba mshairi akibanwa na mizani hana budi kulikata neno mkia, au kulirefusha, au kubadilisha herufi zake huku akiiacha idadi ya silabi ilivyo, na kwamba wengine huita jambo hilo idhini ya kishairi. Sikuona uhusiano siku ile; nauona leo nikiwa nimeshika ua wa watu. Larcos ni tabdila safi kabisa: herufi zimepinduliwa, mizani miwili imebaki miwili. Merseyside Red ni lakabu, kama vile nyanya yangu alivyoishi na mume wake miaka yote akimwita Baba Nani, asitamke jina lake hata siku moja, na hakuna aliyewahi kukosea anamsema nani. Konami walinyimwa idhini ya klabu, wakajitwalia idhini ya kishairi. Nasi tuliokaa mabenchini tukawa wasomaji wazuri wa shairi hilo. Mtoto wa miaka tisa wa Kibomet, ambaye hangeweza kuionyesha Uingereza kwenye ramani, alijua kwamba Merseyside ndiko Liverpool inakokaa, na kwamba kuna nyekundu na kuna bluu. Jina la kweli lingempita bila kumfundisha kitu.

Lakini kulikuwa na kukosekana kwingine, na huko ndiko kulikotuuma. Asiyekuwepo na lake halipo. Kameruni ilikuwamo kwenye mchezo, Ghana ilikuwamo, Nijeria ilikuwamo. Kenya haikuwamo. Dennis Oliech alikuwamo kwa kuwa Auxerre ilikuwamo. McDonald Mariga alikuwamo kwa kuwa alijiunga na Inter mwanzoni mwa 2010, na Mei ya mwaka huo alikuwa kwenye benchi mjini Madrid Inter ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Taifa lilikuwamo vipande vipande, limetawanywa kwenye klabu za wageni, kama boma ambalo watoto wote wako kazini ng'ambo na hakuna wa kuwasha moto. EA walikuja kulitengeneza jambo hilo katika mchezo wao wa Kombe la Dunia la 2014, wakaingiza mataifa yote 203 yaliyoshiriki mchujo, Kenya ikiwa mojawapo, ila ulitoka kwa mashine za kizazi kilichofuata, na kizazi hicho kilikuwa hakijafika kwetu.

Tulichokuwa nacho ni timu tupu. Ndani ya PES mlikuwa na safu ya timu za kubuni zisizo na maana yoyote, zimekaa pale kama viwanja ambavyo havijajengwa, na palikuwa na sehemu ya kuhariri tuliyoiita Editi. Humo ungeweza kuita timu utakavyo, ukaichagulia rangi ya soksi, ukaunda mchezaji kuanzia urefu wa shingo hadi kasi ya mbio, namba kwa namba, mwisho 99. Hakuna aliyetuambia Editi ni ya kazi gani. Jumapili moja baada ya kanisa, kibanda kikiwa kimefungwa kwa wateja, tulianza kuijenga timu ya taifa, Harambee Stars. Tulimtoa Oliech Auxerre na Mariga Inter, tukawaleta nyumbani bila nauli. Waliobaki tuliwazua. Kipa tulimpa sentimita 198 kwa sababu tulikuwa tumechoka kuona Kenya inafungwa kwa vichwa. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kasi ya Oliech. Mmoja alisema 95, mwingine akaapa 99, na mwenye kibanda, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema kutoka mlangoni, "Vijana, mkimpa 99 mnadanganya. Mkimpa 94 atakuwa Mkenya." Tukampa 94.

Nembo ndiyo iliyotula jioni yote. Ilichorwa mraba mmoja baada ya mwingine, na ngao ya Kenya ina ukaidi wake: ukiitengeneza kwa miraba inatokea mende. Mikuki iligeuka miguu ya mende. Mwenzetu mmoja ambaye baba yake alikuwa akiandika mabango ya maduka alichukua padi, akatuambia tusimame mbali, karibu na mlango, kisha tuangalie. Kwa mbali mende alikuwa ngao. "Hivyo ndivyo herufi zinavyoandikwa ukutani," alisema, "huandikii aliye karibu." Tukahifadhi kazi kwenye memori kadi, megabaiti 8, na katikati ya kuhifadhi stima zikapotea. Ziliporudi kadi ilikuwa imeharibika na taifa lote limefutika, kipa wa sentimita 198 akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyelia, ila kuna aliyetoka nje bila kuaga. Jumapili iliyofuata tulianza tena. Ngao ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na ninavyokumbuka, timu ya pili pia. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi tulieleka jiwe, na baada ya siku chache jiwe likaanza kulia usiku, likitaka kunyonya.

Na kulikuwa na Castolo. Katika ule mkondo wa mchezo ulioitwa Master League ulikabidhiwa klabu pamoja na kikosi cha watu ambao hawakuwahi kuzaliwa: Castolo, Minanda, Ximelez na wenzao. Hawakuwa hodari. Walichoka dakika ya 60, walipiga mpira juu ya lango tupu. Ulicheza nao msimu mzima, ukikusanya pointi kidogokidogo ili uwauze ununue wachezaji wa kweli, na siku ya kumuuza Castolo ilikuwa siku ya aibu fulani ndogo isiyoelezeka, kama kuuza ng'ombe aliyekusomesha. Nimekutana na wanaume wenye watoto, wenye mikopo kwenye sako, ambao ukiwatajia Castolo wanatabasamu kuliko ukiwatajia Ronaldo. Ronaldo ni wa dunia nzima. Castolo alikuwa wa yule tu aliyekubali kuteseka naye.

Labda ni kwa sababu nimesimama kando ya shamba la Kitale ndipo mawazo yangu yanakwenda kwenye mbegu. Mji huu ndio nyumbani kwa mahindi chotara ya Kenya. Kenya Seed Company ilianzishwa hapa mwaka 1956, na mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa H611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale yenyewe na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, ng'ambo ya bahari. Mavuno yalipanda mno, na nisingependa kumsikia mtu akidharau jambo hilo. Wengi wetu karo yetu ilitoka kwenye magunia hayo. Lakini chotara ina sharti lake. Ukizitenga punje za mavuno ukazipanda msimu unaofuata, zinaota, ndiyo, ila shamba linakuwa la warefu kwa wafupi, na mahindi yenye mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Kila mwaka sharti urudi dukani na mfuko mtupu. Nyanya yangu alikuwa na mbegu nyingine, za kienyeji, zenye rangi ya manjano, zambarau na damu ya mzee, alizozitundika darini juu ya meko ili moshi uzikinge na fukusi. Hazikujaza ghala. Lakini kila mwaka alichagua mwenyewe lipi la kutundika na lipi la kuchemsha, na baada ya miaka ile yote ya kuchagua, mahindi yale yalikuwa yamefanana na akili yake.

Michezo ya kandanda ya kompyuta inauzwa kama chotara. Kila Septemba, toleo jipya: jezi zimebadilika, nyasi zimeongezwa umande, na lile la mwaka jana limeanza kunuka ukale. Kibandani kwetu hatukuwa na fedha za mfuko mpya kila msimu. Tulichofanya, na walichofanya mafundi wasiojulikana ambao diski zao zilifika Kitale kwa basi la usiku kutoka Nairobi, ni kuichukua punje ileile kuukuu na kuihariri: wachezaji wamehamishwa, majina yamesahihishwa, jezi mpya zimevishwa juu ya miili ya zamani. PlayStation 2 ilizaliwa mwaka 2000, na Konami walikuwa bado wanaitolea mchezo mwishoni mwa 2013, PES 2014, wakati ambapo Sony walikwisha kuacha kuitengeneza mashine yenyewe. Huko Ulaya lilikuwa kaburi lake. Kwetu ilikuwa bado inachumbiwa. Neno MPYA kwenye diski ile ya shambani halikuwa uongo. Aliyeliandika alimaanisha kwamba mtu ameketi usiku akalifanyia kazi.

Ndipo ukaja mwaka 2021. Julai, Konami walitangaza kwamba jina PES limekwisha. Mchezo utaitwa eFootball na utakuwa bure. Bure! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu aliamua kugawa maji yenyewe na kutuahidi kwamba tembo linakuja. Ulipotoka Septemba 30, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kama nta iliyowekwa karibu na jiko, mashabiki uwanjani walionekana kama vinyago vilivyokatwa kwa haraka, na mpira uliwapita wachezaji mwilini. Katika duka la Steam mchezo ulishuka hadi mkiani kabisa kwa hukumu za wanunuzi, ingawa hakuna aliyeununua. Siku iliyofuata Konami waliomba radhi. Toleo kamili, lililotarajiwa Novemba, lilisogezwa hadi Aprili 2022.

Dunia ilicheka zile nyuso. Mimi sikuzijali sana, na nina hakika wengi waliokaa mabenchi kama yetu hawakuzijali. Sisi tulicheza na mende kifuani tukamwita ngao. Kilichotukata maini ni kwamba ulipoingia ndani na kutafuta mlango wa Editi, hapakuwa na mlango. Klabu zilikuwa tisa tu za kuchezea, kubwakubwa, zenye majina kamili na idhini kamili. Master League haikuwamo. Iliahidiwa kuja baadaye, kwa malipo. Castolo hana pa kulala. Jina hungeweza kubadilisha, jezi hungeweza kushona, timu tupu haikuwako hata moja. Kwa mara ya kwanza kila kitu kilichokuwamo kilikuwa cha kweli, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chetu.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo kwa nini kifungo kimoja huzaa na kingine hukausha. Washairi wa Kiswahili wameligombania jambo hili kwa lugha yao. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, akapanga vina na mizani kama fundi anayepanga matofali, na aliyeteleza shairi lake likaitwa guni. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wasomaji wengi wakahisi wameibiwa. Ugomvi ule haujaisha. Ukitaka kuuona, litaje jina la mmoja wao mbele ya walimu wawili wa fasihi wanaokunywa chai. Mimi nimezeeka upande wa wanamapokeo bila kuwachukia wale wengine. Naona kwamba mizani ni kifungo chenye nafasi ndani yake. Inakuambia silabi nane hapa na nane pale, haikuambii useme nini, na kwa kukubana inakusukuma kwenye neno ambalo hungelitafuta. Kukosa leseni kulikuwa mizani ya Konami. Megabaiti nane zilikuwa mizani yetu. Lakini mtu akikukabidhi shairi lililokwisha kutungwa, likiwa na vina vyote, akakufunga mikono na kukuambia ulighani kila siku, na beti mpya utauziwa, hicho si kifungo cha aina ileile hata kama kwa mbali kinafanana.

Sasa nijipinge kidogo, maana tafakari isiyojipinga ni mahubiri. Diski zile zilikuwa za wizi. Kila usiku wa fundi aliyeihariri ile PES uliegemea juu ya maelfu ya siku za watu wa Japani ambao hawakupata hata ile shilingi 10 ya mechi. Tunaposema walitunyang'anya mlango, tukumbuke nyumba hatukuilipia. Kibanda nacho hakikuwa paradiso. Dada zetu hawakuingia. Walipita njiani na madumu ya maji, wakaambiwa maneno, na hakuna Editi iliyowahi kuunda timu yao. Tena kuna ile shaka kubwa kuliko zote, kwamba pengine hatuulilii mchezo bali miaka 16, na kwamba mtu yeyote wa umri wangu, ukimpa chochote alichokishika kwa kidole gumba akiwa hana kitambi, atakuambia hicho ndicho kilikuwa kitu.

Mpwa wangu anacheza eFootball kwenye simu, wamekaa watatu ukingoni mwa kituo cha boda, na furaha yake ni ya kweli kabisa. Mchezo umetengenezwa tangu ile aibu ya mwanzo, nyuso zimenyooka. Nilipomweleza juu ya Harambee Stars na mende aliniuliza, kwa heshima, "Sasa mjomba, mlikuwa mnashinda nini?" Sikuwa na jibu. Yeye huzuni yake ni nyingine: mchezaji aliyempata kwa bahati baada ya kukusanya sarafu miezi miwili, kadi inayong'aa kama ikoni ya kanisani, wiki chache baadaye imetolewa nyingine kali zaidi, na yake imekuwa ya kawaida. Anaipenda bado. Anaionyesha. Lakini nilimwona anaiangalia kama mtu anayeangalia mahindi ya chotara aliyoyarudia kupanda.

Na yule mpinzani mwenye majina yote? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 2019 Konami waliichukua Juventus peke yao, na katika FIFA 20 Cristiano Ronaldo akalazimika kuichezea Piemonte Calcio, klabu ya hewa, Merseyside Red ya upande wa pili. Nilicheka peke yangu ndani ya matatu hadi mama wa jirani akasogea. Kisha Mei 2022 EA na shirikisho wakatangaza kuachana, baada ya karibu miaka 30, na Septemba 2023 mchezo ukatoka kwa jina EA Sports FC 24. Timu zimo karibu zote, ligi zimo, viwanja vimo. Kilichokosekana ni jina la mchezo wenyewe. Hapa Kitale hakuna aliyejali. Watoto wanaendelea kuuita FIFA, kama nyanya wanavyoita kila sabuni ya unga Omo, na nadhani wataendelea kuuita hivyo hadi wawe na wajukuu. Jina alilopokonywa mwenye mali wamelihifadhi wateja, bure, kwa mdomo.

Nilipokuwa bado nimesimama, mwenye shamba alitokea kati ya migomba, jembe begani.

"Habari ya shamba, mama?"

"Mzuri, kijana wangu. Umepotea?"

Nikamwambia sijapotea, naiangalia hiyo diski, na kama hatajali ningependa kuichukua, nitamletea nyingine kumi badala yake. Akaitazama kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imetulia wakati huo, uso wake umegeukia mbingu, na kivuli chake kama shilingi juu ya udongo mwekundu.

"Chukua moja ya hizo za injili," alisema. "Hiyo ndiyo inayozunguka vizuri. Kunguru wanaiogopa. Njoo mahindi yakifika magotini, hapo sitakuwa na kazi nayo." Kisha akauliza, "Kwani ndani yake kuna nini?"

"Kuna timu."

"Timu gani?"

Nilifungua kinywa niseme Kenya. Lakini Kenya ilikuwa kwenye kadi, na ile kadi ilikwenda na kibanda, na kibanda kilibomolewa. Ndani ya diski hii, hata ungeipata mashine ya kuisoma, ungewakuta Castolo na wenzake, na zile timu tupu vilevile tulivyozikuta.

"Timu isiyo na jina," nikasema.

"Isiyo na jina?" Aliiinua miguu yake kwa uangalifu kuvuka mstari wa miche. "Basi wanaishangilia vipi?" Akainama, akaufunika kwa kisigino mche mmoja uliokuwa umefukuliwa, akaendelea na jembe lake.